Cobra, Seven au Speedster: Ulinganisho kwa Anayetaka Kujenga Gari la Nakala Nyumbani

Karibu kila mwenye ndoto ya kujenga nakala ya gari la michezo la zamani huanza kwa kuuliza ni lipi linalopendeza zaidi, na swali hilo halimsaidii, kwa sababu magari matatu nitakayoyalinganisha hapa yanapendeza yote, na ndiyo maana yameigwa kuliko mengine. Swali lenye faida ni hili: kazi ya gari hili hukwamia wapi, na je, mimi ni mtu wa kuvuka hapo? Miradi ya namna hii ni nadra kufa kwa kukosa injini. Hufa katikati, gari likiwa juu ya stendi na turubai limetupiwa juu yake, kwa kuwa mwenyewe amefikia hatua ya kazi ambayo hakuifikiria siku alipolipia sanduku la kwanza. Nimejenga moja mwenyewe na nimesaidia kumaliza jingine lililolala chini ya turubai miaka kadhaa, na katika yote mawili kilichoamua hatima ya gari kilikuwa aina ya kazi iliyobaki na wala si ugumu wake.

Magari yenyewe

Cobra ilizaliwa mwaka 1962, pale Carroll Shelby, dereva wa mashindano kutoka Marekani, alipolichukua gari dogo la Kiingereza la AC Ace, lililokuwa likitengenezwa tangu 1953, akalitia injini ya Ford ya V8. Inayoigwa zaidi ni ile ya 1965, yenye injini ya lita 7, chesisi ya mabomba mawili makubwa ya inchi 4, na madigadi yaliyovimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Cobra halisi zilizotengenezwa miaka hiyo, za aina zote, ni takriban 1,000 tu, na ile ya kwanza kabisa iliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75, hivyo kwa mtu wa kawaida njia ya kuishika usukani ni nakala.

Seven ni kazi ya Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus ya Uingereza, na ilitoka mwaka 1957. Mwaka 1973 haki za kuitengeneza zilikwenda kwa kampuni ya Caterham, ambao wanaitengeneza hadi leo. Gari hili lilikusudiwa tangu mwanzo kuunganishwa na mnunuzi, kwa kuwa katika Uingereza ya wakati huo gari lililouzwa vipande vipande lilikwepa kodi iliyotozwa gari zima. Husimuliwa kwamba masharti ya msamaha huo yalikataza kumpa mnunuzi maelekezo ya kuunganisha, basi Lotus wakampa maelekezo ya kufumua, ayasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Porsche 356 Speedster ililetwa mwaka 1954 kwa ajili ya soko la Marekani, baada ya Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York, kushikilia kwamba anahitaji gari jepesi, lililopunguzwa mapambo na bei. Kwa kuwa 356 za mwanzo zilijengwa juu ya mawazo na vipuri vya Volkswagen Beetle, nakala inayowekwa juu ya sakafu ya Beetle inarudi kwa wazazi wake.

Njia tatu za kupata vipande

Kabla ya kuchagua gari, mjenzi hana budi kuchagua njia, kwa sababu gari lile lile hugeuka kuwa kazi tofauti kabisa kulingana na kinachotoka sandukuni. Njia ya kwanza ni seti kamili, ambamo kila kitu isipokuwa injini, giaboksi, na pengine matairi na rangi, kinakuja kikiwa kipya. Njia ya pili ni gari la kuchinja, yaani gari zima la kale linalonunuliwa ili lifumuliwe, na injini, ekseli, breki na usukani wake vihamie kwenye chesisi mpya. Njia ya tatu ni kuunda chesisi mwenyewe kwa mabomba na mashine ya kuchomelea.

Cobra hupatikana kwa njia mbili za kwanza. Kampuni ya Factory Five Racing ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilijijengea jina kwa wazo la kuhamisha vipuri vya Ford Mustang kwenye chesisi ya nakala ya Cobra, na wengi wamefuata nyayo hizo. Zipo pia nakala, kama zile za Superformance zinazotengenezwa Afrika Kusini, ambazo humfikia mnunuzi zikiwa zimekamilika na kupakwa rangi, zikingoja injini na giaboksi tu. Hizo ni magari mazuri, ila anayetaka kujenga atakuwa amenunua haki ya kukaza boliti chache. Seven inakubali njia zote tatu, na ndilo gari pekee kati ya haya ambalo mtu mwenye subira anaweza kuliunda kuanzia bomba la kwanza. Nakala za namna hiyo zinajulikana kwa jina la Locost. Speedster kwa desturi ni gari la kuchinja, na anayechinjwa ni Beetle.

Gari la kuchinja huonekana rahisi kwa hesabu ya siku ya kwanza. Hesabu hiyo husahau kwamba kila kipande cha kale kinataka kuoshwa, kupigwa brashi ya waya, kupakwa rangi, na kubadilishiwa mpira na beringi kabla ya kufungwa upya, na kwamba aliyeanza kwa kusema kaliper za breki za zamani zinatosha huishia kununua mpya akiwa ameshapoteza Jumamosi mbili kwenye zile za zamani. Mimi ningelichinja gari kwa ajili ya injini, giaboksi, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya ekseli) na safu ya usukani, na vitu vyote vinavyohusu breki ningenunua vipya.

Pale kazi inapokwama

Katika Cobra, sehemu ya kimakanika huenda kwa kasi inayolewesha. Chesisi inakuja imechomelewa, mikono ya sespensheni inafungwa kwa boliti, injini inashushwa kwa winchi kutoka juu bila bodi kuzuia, na katika miezi michache gari linaweza kuwaka na kutembea likiwa mifupa mitupu. Wajenzi wengi hupiga picha siku hiyo na kudhani wamefika mbali, kumbe ndipo kazi inapoanza, kwa maana bodi ya faiba haiji kama bodi ya kiwandani. Ina mishono iliyoachwa na kalibu, milango haikai sawa na kingo zake, boneti imejikunja kidogo pembeni, na kila kasoro itaonekana, kwa sababu bodi ya Cobra haina mahali tambarare pa kufichia kitu. Mwanga huteleza juu ya mbavu zake na kusimama palipo na bonde la nusu milimita.

Kazi yenyewe ni hivi. Bodi huachwa juani kwa wiki kadhaa ili resini imalize kukauka, la sivyo mishono hujitokeza tena miezi baada ya rangi kupakwa. Kisha mishono husagwa, hujazwa, na husuguliwa kwa ubao mrefu wenye msasa namba 80, halafu 180, halafu 320, mkono ukienda kwa mshazari na kamwe usiende kwa mstari mmoja, kwa maana msasa unaopita njia moja huchimba mfereji. Baada ya hapo hunyunyiziwa koti jepesi la rangi nyeusi, husuguliwa tena, na nyeusi inayobaki huonyesha mabonde. Hujazwa, na mzunguko unaanza upya. Kwa makadirio yangu, kazi hii peke yake hula saa nyingi sawa na kazi yote ya kimakanika, na ukimpa fundi rangi aifanye, ankara yake inaweza kukaribia bei ya injini. Asiyependa kusugua, au asiye na akiba ya kumlipa anayependa, asijidanganye na Cobra.

Seven haina mtego huo. Pande zake ni bati bapa la alumini la unene wa takriban milimita 1, linalokatwa, kukunjwa ukingoni na kufungwa kwa gundi na riveti, na vipande vichache vya faiba, yaani pua na madigadi, hutoka kwenye kalibu vikiwa na rangi tayari. Chesisi nayo inatisha kwa macho kuliko ilivyo. Bomba kubwa la kazi ni la mraba, milimita 25 kwa 25, ukuta wa milimita 1.6. Mjenzi huchora umbo la chini kwa ukubwa halisi juu ya ubao mzito uliolala sawasawa, hupigilia vipande vya mbao kushikilia mabomba, na huyashika kwanza kwa nukta ndogo za kuchomelea. Kiungo hakimaliziwi mpaka fremu nzima isimame na mishazari yake ipimwe kulia na kushoto, kisha humaliziwa kwa kurukaruka kutoka kona hii kwenda ya mbali, kwa sababu joto likikaa upande mmoja fremu hujipinda kama ndizi, na fremu iliyojipinda haina dawa. Anayeanza kujifunza achomelee mabaki kwa wiki kadhaa, ayavunje kwa nyundo, aone ni bomba lililokatika au ni mshono.

Mahali Seven inapokwama ni baada ya fremu. Hapo huanza jeshi la vishikizo: cha pedali, cha breki ya mkono, cha safu ya usukani, cha tangi la mafuta, cha rejeta, cha alternata ambayo sasa inagonga bomba la chesisi. Kila kimoja ni jioni moja ya kukata kadibodi, kujaribu, kukata chuma, kujaribu tena, na mwisho wa jioni gari halionyeshi badiliko lolote. Mtu anayehitaji kuona maendeleo kwa macho atachoka. Mtu anayefurahia kipande kidogo kilichokaa mahali pake atadhani amefika peponi. Seti kamili ya Seven huondoa sehemu kubwa ya adha hii, na hapo kazi huwa nyepesi kuliko magari yote ninayoyazungumzia.

Speedster hukwama mwanzoni kabisa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni rehema, kwa sababu anayeshindwa hushindwa kabla fedha nyingi hazijazama. Beetle ina umbali wa milimita 2,400 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na 356 ina 2,100. Kwa hiyo sakafu ya Beetle hukatwa takriban sentimita 30 katikati na kuunganishwa upya. Ndani ya mgongo wa sakafu hiyo hupita fimbo ya gia, bomba la mafuta, na nyaya za klachi, za breki ya mkono na za mafuta, na vyote vinapaswa kufupishwa kwa kipimo kile kile. Nusu mbili zikiunganishwa kwa mkengeuko mdogo tu, magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele na gari hukimbia upande mmoja maisha yake yote. Jambo la kutazama kabla ya kununua Beetle ya kuchinja ni sakafu ya upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma: betri hukaa hapo, asidi hudondoka hapo, na kutu huanzia hapo. Bisibisi ikizama kwenye bati, sakafu hiyo itahitaji nusu mpya kabla hata ya kukatwa. Tena Super Beetle ya kuanzia miaka ya 1970, yenye sespensheni ya mbele ya aina nyingine, haifai, kwa kuwa haina ile ekseli ya bomba ambayo bodi nyingi za nakala huitegemea.

Anayeogopa kukata anaweza kununua sakafu iliyokwisha kufupishwa, au chesisi mpya ya mabomba iliyotengenezwa kupokea vipuri vya Beetle, na kwa asiye fundi wa kuchomelea ningeshauri hivyo bila kusita. Ukishavuka hapo, hakuna gari rahisi kama hili. Injini imeshikwa na boliti nne. Hakuna rejeta, hakuna mipira ya maji, hakuna shafti ya kupita chini ya gari. Bodi ni ya faiba na inataka kusuguliwa kama ya Cobra, ila ni ya umbo tulivu zaidi, na katika seti nyingi milango huja ikiwa imekwisha kupachikwa.

Kwa wanaoulizia Ford GT40, lile lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mara nne mfululizo kuanzia 1966 hadi 1969, jibu langu ni fupi: si gari la kwanza la mtu yeyote. Porsche 550 Spyder nayo inavutia kwa kuwa hutumia vipuri vya Beetle, lakini injini yake inakaa mbele ya ekseli ya nyuma, hivyo giaboksi hugeuzwa kinyume. Usipokumbuka kuhamisha gia kubwa ya difu upande wa pili, utakuwa na gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Wapo waliogundua hivyo siku ya kwanza ya kuliwasha.

Umeme wa bodi isiyo chuma

Jambo hili linahusu zaidi Cobra na Speedster. Katika gari la kawaida bodi ya chuma ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri, lakini faiba haipitishi umeme, hivyo kila taa, honi, geji na pampu inadai waya wake wa kurudi hadi kwenye chesisi. Katika gari nililosaidia kumaliza, ukikanyaga breki taa za kuashiria kona ziliwaka kwa unyonge na geji ya mafuta ilishuka. Tulizunguka jioni tatu tukibadilisha swichi, hadi tukakuta waya wa kurudi wa taa za nyuma umefungwa kwenye boliti iliyopakwa rangi nzuri, nene, isiyopitisha chochote. Tulikwangua rangi chini ya boliti, na ugonjwa ukaisha palepale. Seven yenye fremu ya chuma na bati za alumini haina shida hiyo kwa kiwango hicho, ingawa madigadi yake ya faiba nayo hubeba taa.

Likishatoka barabarani

Cobra ya nakala huwa na uzito wa takriban tani moja na injini ambayo hata ikiwa ya kawaida hutoa nguvu nyingi kuliko inavyohitaji. Injini ndogo ya V8 ya Ford ya lita 5, yenye bloku ya chuma, ina zaidi ya kilo 200. Zile kubwa za lita 7 hukaribia kilo 300, na uzito huo wote unakaa mbele. Kwa barabara ningechagua ile ndogo bila kusikitika. Chumba cha miguu ni chembamba na chenye joto, kwa kuwa kinapakana na injini, na mabomba ya moshi yanayopita ubavuni huunguza shavu la mguu la kila anayeshuka bila kuangalia. Wenye magari haya huita jeraha hilo kung'atwa na nyoka, na ni wachache wasio na kovu.

Seven ni kinyume cha hayo. Ina kilo 500 hadi 600 hivi, inageuka kwa wazo, na injini ya lita 1.6 ya Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, gari lililotoka 1989 na ambalo limekuwa kipenzi cha wachinjaji, inatosha kukutisha. Haina buti la maana, mvua huingia ndani, na mtu mwenye miguu mikubwa huendesha kwa viatu vyembamba. Breki zilizotoka kwenye gari zito ziangaliwe upya: busta, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki, huondolewa, na uwiano wa mbele na nyuma hupimwa mahali salama, kwa kuwa gari jepesi hufunga magurudumu upesi.

Speedster ndilo gari la kwenda nalo safari ya mchana kutwa. Injini ya 1600 ya Beetle hutoa takriban nguvu 50 za farasi, na kwa bodi nyepesi hiyo inatosha kwa mwendo wa starehe. Tahadhari ni ekseli ya nyuma. Beetle za hadi mwisho wa miaka ya 1960 nyingi zina ekseli ya kuyumba, ambayo ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona gurudumu la nje hujikunja chini ya gari. Sakafu yenye ekseli ya nyuma ya viungo viwili kila upande inastahili kutafutwa.

Kibali cha barabarani

Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, na zipo mahali ambapo gari lililojengwa nyumbani halisajiliwi kabisa, kwa hiyo swali hili liulizwe kwa maandishi kabla ya kulipia chochote. Nchini Uingereza gari hupita ukaguzi wa gari mojamoja, ambapo hata kingo za nje zinazoweza kumgusa mtu hupimwa ziwe na mviringo wa angalau milimita 2.5, nchini Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Popote ulipo, tunza risiti na picha za kila hatua. Gari la kuchinja hapa lina faida yake, maana lina hati inayoonyesha vipuri vilitoka wapi, na fremu uliyoiunda mwenyewe ndiyo huulizwa maswali mengi zaidi.

Ningechagua lipi

Kwa mtu wa mara ya kwanza, mwenye zana za kawaida na jioni mbili kwa wiki, ningeweka mbele Seven ya seti kamili, na baada yake Speedster juu ya sakafu iliyokwisha kufupishwa. Seven ya kuunda mwenyewe ni ya anayependa kuchomelea kuliko anavyopenda kuendesha. Bei yake ni ya chini na muda wake ni mrefu, wala vitu hivyo viwili havitenganishwi. Cobra ningempa mwenye akiba ya rangi iliyowekwa kando tangu siku ya kwanza, isiyoguswa hata injini ya lita 7 ikionekana inauzwa kwa bei nzuri.

Na kabla ya kuagiza, chukua chaki ulichore gari sakafuni mwa gereji: mita 4 kwa 1.7 kwa Cobra na Speedster, mita 3.4 kwa 1.6 kwa Seven. Kisha chora umbo la pili la ukubwa uleule kwa ajili ya bodi, ambayo kwa Cobra na Speedster itakaa pembeni kwa miezi, na acha nafasi ya mtu kupita na spana ndefu pande zote nne. Umbo la pili likiangukia nje ya mlango, Seven ndiyo inayobaki, kwa sababu bati zake zikifumuliwa hulazwa zikiegemea ukuta.